Dubai mpaka Guangzhou, ukifuata saa za kwenye tiketi utachanganyikiwa

Tiketi ya kwenda Guangzhou, China, ilisema hivi, kila mji kwa saa zake: Dubai kuondoka saa 4:30 asubuhi, Guangzhou kufika saa 3:45 usiku. Ukihesabu haraka haraka ni masaa 11 na robo hewani, na hapo bado miguu imevimba toka Dar. Mama mmoja wa Kariakoo niliyekaa naye siti moja, anaenda kufunga mzigo wa mabegi kule Sanyuanli, mtaa wa Guangzhou, akacheka: "Mwanangu, kwenda toa nne, kurudi jumlisha nne." China nzima inatumia saa moja tu, ya Beijing, na hiyo iko mbele ya Dubai masaa manne, kwahiyo angani ni kama masaa 7 na robo basi.

Umbali wenyewe ni kama kilomita 5,800, yani Dar - Dubai ambayo ni kama 3,900 tunayoilalamikia kila siku ndo kipande kifupi. Mi huwa siangalii muvi, nawasha ramani tu kwenye skrini ya mbele. Tukakata bahari, tukaingia India, Myanmar, halafu China kwa upande wa Yunnan, na spidi inasoma kilomita 1,000 na kitu kwa saa wakati ndege hizi kawaida ni 900 hivi. Ni upepo. Huko juu kilomita kama 10 kuna upepo mkali unatoka magharibi kwenda mashariki, ukienda China unakusukuma mgongoni, na kipindi cha baridi yao ndo unakuwa mkali zaidi. Sasa na sisi wafanyabiashara tunajazana mwezi wa kwanza huo huo, maana ikifika Mwaka Mpya wa Kichina viwanda vinafungwa na mzigo wako unalala.

Kurudi ndo utajua bei yake. Kuondoka saa 6:15 usiku, kufika Dubai saa 10:45 alfajiri, kwa macho ni masaa manne na nusu, mtu anasema aah nalala kidogo tu naamka nimefika. Jumlisha nne za yule mama: masaa 8 na nusu! Njia ile ile, kilomita zile zile, ila upepo sasa unakupiga usoni, ramani inasoma 780, 790, na ndege imejaa watu wamebeba maboksi ya simu mapajani.

Kingine, Baiyun, uwanja wao, uko nje ya mji upande wa kaskazini. Metro laini namba 3 inafika mpaka pale, lakini ukitua usiku halafu foleni ya uhamiaji ikavuta, andaa hela ya teksi mpaka Xiaobei, mtaa wa mjini wanakofikia Waafrika wengi, na jina la hoteli uwe nalo kwa Kichina kwenye simu, dereva hataki kusikia kiingereza chako. Na wakati wa kununua tiketi cheki unasubiri Dubai muda gani, kuna za masaa 5 na kuna za masaa 14, bei zimepishana kidogo tu, mi naongeza hela.