Rauta, seva na mteja ndani ya laptop moja: wiki ya tatu

Wakuu nilisema nitaleta mrejesho. Kwa aliyechelewa, nataka kujifunza kuunga hotspoti ya vocha (waifai ambayo mteja anaingiza namba ya vocha ndo apate intaneti) kabla sijanunua rauta yoyote, kwa hiyo nawasha VM tatu, yaani kompyuta za kuigiza ndani ya kompyuta, kwenye laptop yangu yenye RAM GB 8, niliichukua used pale Mwanjelwa, Mbeya. Moja ni MikroTik CHR, yaani rauta ya MikroTik ya kuendesha ndani ya VM, nyingine Ubuntu Server ambayo ndo seva, ya tatu ndo mteja, yaani mashine ya kuingiza vocha.

Wiki iliyopita nilikuwa na VirtualBox, programu ya kuendesha VM, juu ya Windows, ilikuwa nzito balaa, kuinstoo Ubuntu tu karibu saa mbili. Fundi mmoja akaniambia "mdogo wangu hiyo ni RAM, weka 16 uone." Sawa kaka, ila hela hamna. Nikarudi Uyole na hii baridi ya mwezi wa saba, nikajifunika blanketi nikaanza kukagua kitu kimoja kimoja.

Pale chini kulia kwenye dirisha la VM kuna vialama vidogo vidogo, na kimoja ni kobe wa kijani. Alikuwepo siku zote! Maana yake VirtualBox haiishiki yenyewe VT-x, ule uwezo wa prosesa wa kuendesha VM, inapitia kwa Hyper-V, mfumo wa VM wa Windows, ndo maana ikawa nzito, na Hyper-V ikishawaka mwingine yeyote lazima apite mlangoni kwake. Niliiwasha mwenyewe nilipoweka WSL2 (Linux ndani ya Windows) nikasahau. Nikatoa tiki kwenye Virtual Machine Platform kwenye Windows Features, nikazima Memory Integrity kwenye Windows Security, maana nazo zinatumia Hyper-V, halafu kwenye cmd ya admin:

bcdedit /set hypervisorlaunchtype off

Nikarestati, kobe hayupo, na mashine inakimbia. Ila angalieni, WSL2 inagoma mpaka urudishe tiki ile na kuweka auto badala ya off kwenye amri hiyo, na Memory Integrity ni ulinzi kabisa, kwa hiyo msifanye hivi kwenye kompyuta ya ofisi.

Sasa kuchagua programu ya VM. VMware Workstation Pro ni bure kwa wote tangu Novemba 2024 na ni programu nzuri kweli, lakini tatizo langu lilibaki palepale, Windows peke yake inakula GB 3 kabla sijawasha kitu. Nimehamia Debian, ambayo ni Linux, na KVM, mfumo wa VM uliomo ndani ya kernel (kiini) ya Linux tangu 2007, naiendesha kwa virt-manager, programu yake yenye madirisha. Faili la diski ya CHR niliigeuza kwa amri ya qemu-img kutoka vdi ya VirtualBox kwenda qcow2 inayotumika na KVM, nikaipa RAM MB 256 tu, inatosha. Bila leseni CHR inabana spidi kwenye Mbps 1 kila intafesi, kwa kujaribu vocha hainisumbui.

Juzi usiku umeme ukakata, betri yangu inashika dakika kumi tu, nikawahi kusevu hali ya VM zote tatu kwenye diski. Kurudi zikaendelea pale pale zilipoishia, nilifurahi sana aisee.

Jana ukurasa wa kuingiza vocha umefunguka kwenye mashine ya mteja, nimeandika namba, intaneti ikapita. Kilichobaki ni simu yangu halisi iingie humo, na bridge, yaani kuunga VM moja kwa moja kwenye mtandao wa nje, haikubali kupita kwenye waifai ya laptop, kwa hiyo Jumamosi natafuta waya wa neti na akses pointi (kifaa cha kurusha waifai) ya kuazima.