Nilivyopiga picha za viwanda na karakana za Barabara ya Nyerere

Ukitaka kuiona Dar es Salaam inavyofanya kazi, achana na Posta. Shuka Kamata, ufuate Barabara ya Nyerere, ambayo wazee bado wanaiita Pugu Road, mpaka TAZARA, halafu ukate kuelekea Chang'ombe na Keko. Ukanda huo nimekuwa nikiupiga picha kwa muda mrefu, na wenzangu wa kamera huniuliza niliingiaje humo ndani.

Eneo lenyewe limejaa historia. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa mwaka 1905 na kufika Kigoma 1914, inapita jirani, ndiyo maana maghala na viwanda vilijipanga upande huo. TAZARA ikaja miaka ya 1970, na sasa treni ya SGR inapita juu ya nguzo pale Kamata. Reli zote tatu hazilingani upana: milimita 1,000, 1,067 na 1,435. Mtu angeweza kufanya mradi mzima wa picha kuhusu reli hizo tu. Mimi nilitaka watu na kazi zao.

Nilianzia serikali ya mtaa. Nilieleza ninachotaka, nikaandikiwa barua, ikagongwa muhuri. Barua hiyo haifungui geti la kiwanda, lakini kwenye karakana za wazi na kando ya barabara inakata maneno, kwa sababu swali la kwanza la kila mlinzi ni "Umetumwa na nani?" Kwa wenye viwanda niliandika barua nyingine. Sikuomba kupiga picha kiwanda. Niliomba kupiga picha mafundi wa zamu ya asubuhi, nikataja sehemu ipi, kwa muda gani, na kwamba msimamizi ataziona picha zote kabla hazijatoka. Mwenye kiwanda anahofia washindani wake, na hofu hiyo ni ya haki. Ukiijibu kabla hajaitamka, mazungumzo yanakuwa mengine.

Ila kilichonifungulia milango kuliko barua yoyote ni picha za karatasi. Kila niliyempiga, nilikwenda kusafisha picha yake na kumpelekea mkononi. Kumtumia kwenye simu hakutoshi, maana picha ya simuni anaiona peke yake, ya karatasi inazunguka karakana nzima, na kila mtu ana neno la kusema.

Keko, kwa mafundi samani, nilimpelekea mzee mmoja picha niliyoamini inamwonyesha akipiga randa. Aliitazama, akaiinamisha kwenye mwanga.

"Mwanangu, hapa siirandi. Randa nimeshaiweka chini. Tazama kidole gumba."

Kweli. Kidole gumba kilikuwa kimelala kwenye ukingo wa ubao wa mninga, jicho moja amelifumba. Alikuwa anapapasa kutafuta palipobaki kituta, kwa sababu, alivyonieleza, jicho linadanganywa na rangi ya mninga lakini kidole hakidanganyiki. Tangu hapo maelezo ya picha nayachukua kwa mwenye kazi, kwa maneno yake, ndipo ninapoandika mwaka na mahali. Picha ya karakana isiyo na maelezo ya fundi inabaki kuwa picha ya vumbi na kutu, na vumbi na kutu vimeshapigwa vya kutosha.

Mafundi haohao ndio walionionyesha maranda. Yanajaa sakafuni mpaka kifundo cha mguu, nami nilikuwa nayapita kama takataka, kumbe wafuga kuku wanayanunua kwa magunia. Nikamfuata kijana wa guta aliyekuwa akiyapakia. Picha yake, gunia limemzidi kimo, inaeleza uchumi wa Keko kuliko picha zangu zote za majengo.

Kuhusu mwanga sitasema mengi. Dar jua likishafika utosini linafuta nyuso za watu, kwa hiyo nje nafanya kazi kuanzia saa kumi na mbili na nusu hadi saa tatu asubuhi. Mchana naingia chini ya mabati, ambako mwanga unapenya kwenye matundu na kushika vumbi la msumeno. Napimia kamera palipo na mwanga, giza naliacha liwe giza. Kwa mafundi wa kuchomelea, kama wale wa Gerezani, tazama kwenye skrini ya kamera, usichungulie kwenye kitundu, na mkononi uwe na kioo cheusi cha fundi. Macho hayauzwi dukani.

Kuna picha ninazokataa kuzipiga. Alfajiri vibarua husimama getini wakisubiri kuchaguliwa. Msimamizi anahesabu, anaingiza anaowataka, geti linafungwa. Waliobaki wanajua kwamba leo nyumbani hawapeleki kitu. Mpiga picha anatamani sana sura zile, na najua zingesifiwa. Mimi napiga migongo, kandambili, mifuko iliyobeba nguo za kazi. Sura napiga ya aliyeniambia mwenyewe, "Dada, nipige."

Kwa kila picha nahifadhi maelezo ya kazi, mahali, mwaka na ruhusa iliyotolewa. Aliyesema isitoke nje ya karakana, haitoki. Akibadilisha mawazo miaka miwili baadaye, naiondoa. Ujenzi wa njia ya mwendokasi kuelekea Gongo la Mboto umeshabadilisha barabara ile kiasi kwamba baadhi ya mafundi sasa hutumia picha zangu kuwaeleza vijana wao meza ya kazi ilikaa wapi. Kwa hiyo nimeanza kuwapelekea nakala kubwa, zenye maelezo waliyonipa wao, wazitundike karakanani. Kazi inayofuata ni Vingunguti, kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na barua ya mtaa nimeshaipeleka.