Saa iliyo kifuani

Miezi minne sasa nina vali ya bandia moyoni, yaani kilango cha kupitishia damu. Ile niliyozaliwa nayo iliharibiwa na homa ya baridi yabisi utotoni. Watu hudhani hii ni chuma. Yangu ni ya kaboni, na kila visahani vyake vikijifunga, "tik". Mchana hata siisikii. Mtaani kwetu Kibokoni kuna tuktuk, kuna watoto, kuna muuza kahawa anayegonganisha vikombe. Kazi ni usiku, hasa stima ikipotea feni ikazima. Nikilalia ubavu wa kushoto, godoro lote linalia! Wiki ya kwanza nilitoa machozi, wallahi. Mume wangu akadhani ni saa ya ukutani, akaitoa betri, tik tik ikaendelea. Tulicheka hadi nikashika mshono.

Siku hizi nalalia kulia na redio naiacha chini chini. Juzi mtoto wa jirani kaniuliza, "Khalti, umemeza saa?" Nikamwambia ndiyo.

Daktari kaniambia sauti ikififia ghafla nikimbie hospitali, huenda damu imeganda pale. Warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, siikosi hata siku moja. Na nikishtuka usiku, sasa ni mimi ninayeitafuta hiyo tik.