Nyumba iliyofunguliwa kama kitanda

Mimi ni seremala, na wiki nzima hii nyumba moja haijanitoka kichwani. Inaitwa Bayleaf, nyumba ya mkulima wa Kiingereza wa zamani, na iko kwenye makumbusho ya Weald and Downland, Singleton, West Sussex. Haikujengwa hapo. Tangu mwanzoni mwa karne ya 15 ilisimama Chiddingstone, Kent, hadi mwishoni mwa miaka ya 1960, lilipokuja bwawa la maji la Bough Beech. Basi wakaifungua mti mmoja mmoja, wakaibeba, wakaisimamisha upya.

Nasema wakaifungua, maana nyumba ya namna hii hufunguka kama kitanda. Fremu yake yote ni mwaloni, na kinachoishika ni ulimi, yaani ncha ya mti iliyochongwa nyembamba, ulioingia kwenye tundu la mti mwingine, na kigingi cha mti kilichopita katikati yao. Ng'oa kigingi, ulimi unachomoka.

Tulipoitembelea, wenzangu walikuwa wanatazama moto wa ukumbini. Mimi niliganda mbele ya nguzo, natazama kigingi kilichotokeza kidogo usoni mwake. Ufundi wenyewe umejificha ndani. Maseremala wa enzi zile walitoboa nguzo tundu la kigingi, kisha wakatoboa ulimi, lakini matundu hayo mawili hawakuyalinganisha: la kwenye ulimi lilisogezwa chembe tu kuelekea begani, yaani pale ulimi unapoanzia. Kigingi kikipigiliwa hakina budi kupinda, na katika kupinda kwake kinauvuta ulimi mpaka bega linabana dhidi ya nguzo. Hapo hapana gundi wala msumari wa chuma. Tena mwaloni ulichongwa ukiwa mbichi, kwa sababu ukikauka unakuwa mgumu ajabu, ukaja kukaukia pale pale kwenye jengo. Ndiyo maana boriti za nyumba hizi zimepindapinda na bado zimeshikana.

Kuta ni fito zilizosukwa na kukandikwa udongo wenye nyasi kavu na samadi. Hazibebi chochote, uzito wote wa paa unateremka kwenye nguzo.

Ukumbi wa katikati hauna dari wala dohani. Moto unawaka sakafuni, moshi unapanda hadi kwenye makombamoyo na kujitafutia njia paani, na huko juu mti umeshiba masizi. Madirisha hayana vioo, ni nondo za mbao na vibao vya kufungia. Kila upande wa ukumbi kuna orofa iliyotokeza mbele ya ukuta wa chini.

Nilipenda sana kwamba mti wa nje haujapakwa rangi. Umekuwa wa kijivu, kama majivu. Ule weusi unaouona kwenye nyumba nyingi za aina hii umetokana zaidi na mtindo wa karne ya 19.

Jumatatu karakanani nilichukua vipande viwili, nikatoboa, nikasogeza tundu la ulimi milimita mbili, nikapigilia kigingi. Nilisikia bega likigusa. Nimeviweka juu ya meza yangu, na hadi leo sijavifungua.