Wasifu wa mwanzilishi wa kampuni ya programu: kinachokaguliwa hasa

Mwekezaji akisoma wasifu wako anatafuta uliunda nini kwa mikono yako, uliongoza watu wangapi na uliondokaje. "Niliongoza timu ya teknolojia" haisemi kitu. Andika: wahandisi 6, mfumo wa malipo, na kilichokuwa kikiharibika kabla hujakigusa.

Penye mtego ni umiliki wa msimbo. Ukianza kuandika programu ukiwa bado umeajiriwa, hasa kwa kompyuta ya mwajiri, huenda mkataba wako unampa yeye haki. Tarehe za wasifu ndizo zitakazokuumbua, maana mwanasheria wa mwekezaji anaweza kuzilinganisha na kumbukumbu za Git (mfumo unaorekodi nani aliandika msimbo upi na lini). Pata barua ya mwajiri ya kuachilia haki, kisha saini hati ya kuhamishia umiliki kwa kampuni mpya, kabla ya kutafuta mtaji. Waanzilishi wenza wote wasaini, hata aliyejitoa mapema (huyo ndiye husahaulika, na baadaye saini yake huwa ghali).

Ulikuwa mkuu wa teknolojia katika kampuni ya watu wawili? Sawa, ila taja kuwa mlikuwa wawili. Kampuni iliyofungwa usiifute. Weka na sababu: pesa ziliisha, wateja hawakulipa, chochote kilichotokea kweli.