Nilivyolinganisha maamuzi ya hifadhi katika nchi sita za Ulaya

Ukiweka asilimia ya jumla ya waliopewa hifadhi ya ukimbizi Ujerumani kando ya ile ya Ufaransa, hujalinganisha sera bado. Umelinganisha watu waliofika. Nchi iliyopokea Wasyria wengi itaonekana ina huruma, na iliyopokea watu wa Balkani itaonekana katili, hata kama maofisa wao wanaamua sawasawa. Kwa hiyo nilichagua taifa moja, Waafghani, nikawafuatilia Ujerumani, Ufaransa, Italia, Uswidi, Ugiriki na Bulgaria, kuanzia 2015 hadi 2020.

Takwimu nilizichukua Eurostat, ofisi ya takwimu ya Umoja wa Ulaya, jedwali migr_asydcfsta, lenye maamuzi ya ngazi ya kwanza, yaani kabla ya rufaa, kwa mwaka. Kabla ya kupakua nilichuja jinsia ibaki T (wote) na umri ubaki TOTAL (jumla); bila hivyo, jumla na mafungu yake huingia pamoja na mtu mmoja anahesabiwa mara kadhaa. Kifupi cha Ugiriki humo ni EL. Majedwali mengi ya kwingine huandika GR, na ukiyaunganisha bila kusahihisha, Ugiriki inatoweka bila onyo lolote. Alama ya nukta mbili maana yake takwimu haipo, usiigeuze sifuri.

Tarakimu zenyewe zimesogezwa hadi kigawe cha 5 kilicho karibu. Ukiona 5 wamekubaliwa kati ya 10, ukweli unaweza kuwa 3 kati ya 12 au 7 kati ya 8, yaani asilimia 25 au karibu 88! Mwaka wowote wenye maamuzi chini ya 100 niliuacha.

Hesabu niliifanya mara mbili. Kwanza GENCONV (hadhi ya mkimbizi) na SUB_PROT (hifadhi nyongeza, ya asiye mkimbizi lakini atakayedhurika vibaya akirudishwa), kugawanya kwa TOTAL (maamuzi yote). Kisha nikaongeza HUMSTAT (kibali cha kibinadamu). Kwa miaka hiyo hadhi mbili za mwanzo zilitoka Agizo 2011/95/EU, sheria ya pamoja ya Umoja wa Ulaya, ya tatu ilitoka sheria ya nchi yenyewe. Italia ilifuta kibali cha kibinadamu kwa amri namba 113 ya Oktoba 2018. Anayesoma jumla peke yake ataona anguko la 2019 na kudhani waombaji walikuja na madai dhaifu, kumbe ni safu moja iliyokatwa. Na usigawanye maamuzi kwa maombi ya mwaka uleule: mengi ya 2016 yalihusu watu walioomba 2015.

Mwaka 2019 Italia iliwakubali zaidi ya Waafghani 9 katika kila 10 walioamuliwa, Bulgaria chini ya 1, na zote zilifungwa na Agizo hilohilo. Sitaki mtu aizoee tofauti hiyo. Ila isomwe kwa uangalifu: Bulgaria wengi huondoka kabla ya uamuzi, faili zinafungwa, hivyo asilimia inawahusu wachache waliobaki. Ufaransa nayo huwezi kuielewa bila rufaa za CNDA, mahakama yake ya masuala ya hifadhi. Hizo ziko kwenye jedwali jingine la Eurostat, migr_asydcfina, lakini usijumlishe majedwali hayo mawili, maana aliyekataliwa kwanza hutokea tena kwenye rufaa.

Hata hivyo asilimia haisemi hadhi inampa mtu nini. Machi 2016 Ujerumani ilisitisha haki ya kuleta familia kwa wenye hifadhi nyongeza, na Agosti 2018 ikairejesha kwa kikomo cha watu 1,000 kwa mwezi. Uswidi, Julai 2016, ilianza kutoa kibali cha miaka 3 kwa mkimbizi na miezi 13 kwa hifadhi nyongeza. Basi nilitengeneza jedwali la pili: muda wa kibali, familia, ruhusa ya kazi, na kila kisanduku kina namba ya kifungu kutoka kwenye sheria yenyewe. Ripoti za AIDA, hifadhidata ya mashirika ya kiraia kuhusu mifumo ya hifadhi Ulaya, nilizitumia kupima utekelezaji tu.

Jedwali hilo linahitaji safu mbili za tarehe, siku sheria ilipoanza na siku ya ombi inayoguswa. Sheria ile ya Uswidi ilianza Julai 2016, lakini iliwatofautisha walioomba kufikia 24 Novemba 2015 na walioomba baadaye. Nilipokuwa na tarehe moja tu, miezi ya katikati ya tarehe hizo mbili iliangukia upande usio wake.