Siku moja maishani mwangu: mwalimu wa Kiingereza, Houston

Saa kumi na moja alfajiri niko macho (simu inasema 5:00, lakini kichwani bado nahesabu saa za nyumbani). Chai ya tangawizi, kisha basi hadi Gulfton, mtaa wa kusini-magharibi mwa Houston wenye wahamiaji wengi kutoka Honduras, El Salvador, Guatemala na Meksiko. Nafundisha watu wazima wanaoanza Kiingereza.

Saa tatu asubuhi, darasa la kwanza. Wengi wamepitiliza kutoka kusafisha maofisi usiku kucha. Kitabu kinawataka waseme "I get up at six", wakati saa hizo ndio kwanza wanatoka kazini. Nakifunga. Kila mtu anaeleza siku yake ilivyo: "I go to bed at eleven in the morning."

Saa nne tunaingia kwenye vimilikishi, maneno ya kuonyesha kitu ni cha nani, na hapo ndipo penye kazi. Kihispania kina "su" moja inayobeba mzigo wote: yake mume, yake mke, yao, hata yako ukimwambia mtu kwa heshima. Dada mmoja wa Honduras ananieleza habari za mumewe: "He drives your truck to work." Mimi niliyekuja kwa basi! Namwelewa lakini, kwa sababu "gari lake" letu nalo halisemi mwenyewe ni mume au mke. Kwa Kiingereza lazima umjue mwenye kitu kwanza ndipo uchague "his" au "her". Ndiyo maana "his wife" lakini "her husband". Tunarudia mpaka wanachoka, halafu tunarudia tena.

Saa sita na nusu, baleada: mkate kama chapati nene, umekunjwa na maharage ndani. Wanafunzi huleta, sikatai.

Saa nane nasahihisha madaftari. "I wash the hands." "I brush the teeth." Wamehamisha Kihispania kilivyo, na mimi nikiwaza kwa Kiswahili ningeandika hivyohivyo: nanawa mikono, ya nani tena kama si yangu? Kiingereza kinataka "my hands" kila mara. Chini kidogo, "the house of my sister": nyumba ya dada yangu, mpangilio uleule. Naandika pembeni "my sister's house" na kuizungushia ile s kwa wino mwekundu. Wenzangu waliozaliwa na Kiingereza huyaona haya kuwa uzembe. Nadhani wangejifunza lugha ya pili kwanza.

Saa kumi na mbili na nusu jioni wanaingia mafundi wa ujenzi, buti zina vumbi. Somo lilelile, kelele zaidi.

Saa mbili na nusu usiku wanatoka, simu imebaki mezani. Naiinua: "Whose phone is this?" Mzee wa El Salvador, ambaye darasa zima humwita don kwa heshima, anageuka mlangoni: "Is mine, maestra!" Kimilikishi amekipatia. Ile "it" aliyoimeza nitamdai Jumatatu.